Nani Hupigwa Picha?

Tarehe 22 Desemba 2023, Lloyd Austin, wakati huo waziri wa ulinzi wa Marekani, aliingia hospitali ya kijeshi ya Walter Reed akafanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Rais Joe Biden hakuambiwa. Siku ya Mwaka Mpya waziri akarudishwa hospitalini kwa matatizo yaliyotokana na upasuaji ule, na siri ikatoka. Tarehe 1 Februari alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba radhi. Alisema habari ya ugonjwa ilimtikisa, kama inavyowatikisa wengi, hasa watu Weusi.

Magazeti yalishughulika na siri: mtu mwenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani anatowekaje siku kadhaa bila rais kujua? Mimi nilibaki na jambo dogo zaidi. Saratani yake ilionekana mapema, katika uchunguzi wa kawaida, na wiki chache baadaye ilikuwa imeshatolewa. Mwanaume Mweusi wa umri wa miaka 70 alipita kutoka kipimo cha damu hadi chumba cha upasuaji bila kukwama. Nchini kwake, hilo si jambo la kawaida kama linavyosikika.

Mwanaume mmoja kati ya 8 Marekani hugunduliwa kuwa na saratani hii wakati fulani maishani. Kwa wanaume Weusi ni mmoja kati ya 6. Kiwango chao cha kuugua kinazidi cha Weupe kwa takriban theluthi mbili, lakini kiwango cha kufa ni kama mara mbili. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa vifo vinazidi kuliko ugonjwa wenyewe unavyozidi, basi kuna kitu kinachoongezeka baada ya mtu kuugua, au kabla hajajulikana kuwa ameugua.

Kwa muda mrefu jibu jepesi lilikuwa damu. Kweli, jeni zina sehemu yake: katika kromosomu ya 8, eneo linaloitwa 8q24, kuna mabadiliko yanayoongeza hatari, na baadhi yake huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Lakini jeni zilikuwa zikibebeshwa mzigo mzima. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanajeshi wastaafu zaidi ya 60,000 waliogunduliwa na saratani ya tezi dume, wote wakitibiwa katika mfumo wa hospitali za wastaafu wa jeshi, ambako mlango ni mmoja na uwezo wa mfuko hauamui sana. Baada ya miaka 10, waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa 4.4% ya wanaume Weusi na 5.1% ya Weupe. Pengo lilikuwa limefutika, hata kugeuka kidogo.

Uingereza inaonyesha kitu kinachofanana na hicho. Huko mwanaume Mweusi mmoja kati ya 4 hupata saratani hii na mmoja kati ya 12 hufa nayo. Kwa Weupe ni mmoja kati ya 8, na mmoja kati ya 24. Gawanya mwenyewe: katika makundi yote mawili, theluthi moja ya wanaogunduliwa ndio hufa nayo. Hatari ya kuugua ni kubwa zaidi kwa Mweusi, ila akishagunduliwa mwendo wake haukengeuki sana kutoka ule wa mwenzake Mweupe. Marekani ndiko unakokengeuka, na sehemu moja ya kukengeuka huko, ambayo haizungumzwi sana nje ya kurasa za madaktari, ni mashine za picha.

Aliyewahi kuona wanunuzi wa mpunga wakikagua mzigo anajua bambo: chuma chenye ncha na mfereji, unakichoma ndani ya gunia, kinatoka na punje chache, na kwa punje hizo unaukubali au unaukataa mzigo wote. Kwa miaka mingi tezi dume ilikaguliwa hivyo. PSA, protini inayotoka kwenye tezi hiyo, ikiwa juu katika kipimo cha damu, daktari alipitisha sindano kwenye njia ya haja kubwa akachoma mara 10 au 12, kwa mpangilio uleule kwa kila mtu, akatoa vinyama vya kupeleka maabara. Ultrasaundi ilimwonyesha tezi ilipo. Uvimbe wenyewe ulipo, mara nyingi hakuuona.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ilibadilisha hilo. Mwaka 2017 utafiti wa Uingereza uitwao PROMIS, uliofanywa kwa wanaume 576, uligundua kwamba uchomaji wa zamani ulinasa 48% tu ya saratani zenye madhara, wakati MRI ilionyesha 93%. Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION uligawa wanaume 500 makundi mawili. Walioanza na MRI, saratani ya hatari ilipatikana kwa 38%. Waliochomwa moja kwa moja, kwa 26%. Na wapo ambao, baada ya picha kutoka safi, hawakuchomwa kabisa. Kwa mwanaume anayeahirisha hospitali kwa sababu ya ile sindano, hilo si jambo la pembeni.

Sasa ongeza hili. Mwaka 2014 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichunguza tezi zilizotolewa kwa upasuaji kwa wanaume walioonekana kuwa na saratani ya hatari ndogo kabisa. Kwa wanaume Weusi, uvimbe ulikuwa umejificha sehemu ya mbele ya tezi mara nyingi zaidi, yaani upande ambao sindano inayotokea nyuma huufikia kwa shida. Mtu anayehitaji picha zaidi kuliko wengine, basi, ni yeye. Ungetegemea awe wa kwanza kupelekwa.

Mwaka 2021 jarida la JAMA Network Open lilichapisha uchambuzi wa wanaume 794,809 waliopimwa PSA kati ya 2011 na 2017. Miongoni mwa waliokuwa na PSA inayozidi 4, uwezekano wa wanaume Weusi kufuatiliwa kwa MRI ulikuwa pungufu kwa 24.1% ukilinganisha na Weupe. PSA ilipozidi 10, kiwango ambacho daktari yeyote hukaza macho, upungufu haukupungua. Ulipanda hadi 35%. Na wote hao walikuwa na bima. Huo ndio ukweli unaonikera kuliko mwingine wowote katika suala hili, kwa sababu unaondoa jibu ambalo sote tungelikimbilia kwanza: kwamba maskini hana kadi. Hawa kadi walikuwa nayo mfukoni. Na jinsi damu yao ilivyozidi kupiga kelele, ndivyo walivyozidi kuachwa nyuma.

Timu nyingine ilitazama wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, waliogunduliwa kati ya 2011 na 2015. Waliopigwa MRI ya tezi walikuwa 9.9% ya Weupe na 6.3% ya Weusi. Watafiti wakajaribu kulipasua pengo hilo vipande. Kipande kikubwa, kama robo, kilielezwa na mahali: mkoa na mji mtu anakoishi. Vingine vilitokana na umaskini wa mtaa, utengano wa makazi kwa rangi, na kuwa na kadi ya Medicaid, ile ya watu wa kipato cha chini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya mwili wa mgonjwa. Vyote ni anwani.

Na anwani za Wamarekani Weusi hazikujipanga zenyewe. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, na ukopeshaji ukafuata rangi hizo. Mwaka 1946 sheria ya Hill-Burton ilitoa fedha za serikali kuu kujenga hospitali nchi nzima, ikaruhusu hospitali hizo kutenga wagonjwa kwa rangi. Kifungu hicho kilivunjwa na mahakama mwaka 1963, katika kesi ya daktari wa meno George Simkins wa Greensboro, North Carolina. Medicare ilipoanza mwaka 1966 hospitali nyingi za Kusini zililazimika kufungua milango ili zilipwe. Milango ilifunguliwa, majengo hayakuhama. Mashine ya MRI hununuliwa na hospitali yenye fedha, hospitali yenye fedha hukaa karibu na wateja wenye bima nzuri, na mashine haijui historia hiyo yote ingawa imesimama juu yake.

Kama MRI ina tatizo la mahali, picha ya PET ina tatizo la mahali na la saa.

Seli za saratani ya tezi dume huvaa kwa wingi protini iitwayo PSMA. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayoing'ang'ania protini hiyo, kisha mashine ya PET huonyesha kila mahali dawa ilipojikusanya: kwenye tezi, kwenye mitoki, kwenye mfupa wa nyonga ambao skani ya zamani ilisema ni mzima. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2020, wa wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa, uliipa picha hii usahihi wa 92% dhidi ya 65% ya CT na skani ya mifupa kwa pamoja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii tarehe 1 Desemba 2020, lakini kwa vyuo vikuu viwili tu, vyote vya California: UCLA na UCSF. Dawa iliyoweza kuuzwa nchi nzima ilifuata Mei 2021.

Kuuzwa nchi nzima ni maneno ya karatasini. Dawa hizi hazikai ghalani. Galiamu-68 hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 68. Florini-18 kila dakika 110. Ikitoka kiwandani saa 11 alfajiri, ile ya florini imebaki nusu saa 1 kasoro dakika 10, na robo saa 2 na dakika 40. Mchuuzi wa samaki asiye na barafu anaujua uchungu huo. Kwa hiyo kiwanda lazima kiwe karibu na hospitali, hospitali iwe na mashine, mashine iwe na mtaalamu wa kuisoma, na mgonjwa awe amefika, amelala na mshipa umeshapatikana kabla dawa haijachacha. Mgonjwa akichelewa basi, dozi yake imekwenda. Hospitali ya mji mdogo katika Delta ya Mississippi hupigana na saa hiyo kwa namna ambayo hospitali ya chuo kikuu katikati ya Houston haipigani.

Kisha kuna nani analipa. Medicare ilikuwa ikilipia dawa mpya ya namna hii kando kwa miaka mitatu, halafu bei yake ikafungwa ndani ya malipo ya kipimo kizima. Dawa ya maelfu ya dola ikamezwa na malipo yasiyoitosha. Hospitali tajiri humeza hasara hiyo. Hospitali inayohudumia mtaa wa watu wenye kipato kidogo huacha tu kutoa huduma, bila tangazo, bila mtu kusema neno la rangi. Kanuni ilibadilishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025: kwa huduma za wagonjwa wa nje, dawa ya uchunguzi yenye gharama iliyozidi dola 630 kwa siku ikaanza kulipiwa kando. Ni marekebisho makavu ya kihasibu, na nadhani yatafanya zaidi kuliko mikutano mingi yenye mabango ya usawa.

Lakini fuata safari yote, hatua kwa hatua, uone inavyovuja. Mwanaume ana miaka 58. Medicare bado miaka 7, na wanaume Weusi huelekea kuugua wakiwa na umri mdogo kidogo kuliko wenzao. Anaishi Georgia, mojawapo ya majimbo 10 yaliyokuwa hayajaipanua Medicaid hadi mwaka 2025. Tuseme ana bima ya kazini. Daktari wa kwanza lazima akumbuke kuagiza PSA. Mwaka 2012 jopo la taifa la uchunguzi wa magonjwa lilishauri kipimo hicho kisifanywe kwa mtu yeyote. Mwaka 2018 likalegeza, likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue na madaktari wao. Moja ya tafiti kubwa lilizozitegemea ilikuwa na takriban 4% tu ya wanaume Weusi. PSA ikiwa juu, lazima apewe rufaa kwa daktari wa mfumo wa mkojo, na daktari huyo awe kwenye orodha ya bima yake. Huyo naye aagize MRI, na kampuni ya bima itake maelezo kabla ya kuikubali. Ombi likirudi limekataliwa, lazima mtu wa ofisini apige simu na kungoja kwenye laini. Ofisi nyingine zina wafanyakazi wa kazi hiyo tu, nyingine zina karani mmoja anayepokea wagonjwa pia. Miadi inapatikana Jumanne saa 4 asubuhi, na yeye analipwa kwa saa.

Katika kila hatua anapotea mtu mmoja au wawili. Hakuna aliyemfukuza yeyote. Ndiyo maana sipendi sana jinsi mjadala huu unavyokimbilia Tuskegee. Jaribio lile la Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watazamwe, lilikuwa unyama, na kumbukumbu yake ingali hai. Lakini limegeuka kuwa jibu la kila swali: watu hawa hawaendi hospitali kwa sababu hawatuamini. Wale wenye PSA iliyozidi 10 walikwenda. Walitoa damu yao ikapimwa. Mtu hawezi kukikataa kipimo ambacho hakuandikiwa, na kutokuaminiana kunakotajwa kila mara ni kwa mgonjwa. Kwa daktari asiyeandika hakuulizwi.

Kwa nini picha moja ibebe uzito wote huu? Kwa sababu nyuma yake kuna mlango mwingine. Machi 2022 FDA iliidhinisha tiba ya lutetiamu-177, inayotumia PSMA hiyohiyo kubeba mionzi hadi kwenye seli za saratani iliyosambaa. Katika utafiti wake, VISION, wagonjwa wa saratani iliyosambaa waliopewa tiba hiyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 15.3 dhidi ya 11.3 kwa wengine. Ili uipate, lazima kwanza PET ionyeshe kwamba saratani yako ina PSMA. Hakuna picha, hakuna tiba. Na kati ya washiriki 831 wa VISION, wa Amerika Kaskazini na Ulaya, Weusi walikuwa takriban 7%, katika ugonjwa unaowaua kuliko wengine.

Kuna jambo jingine la ujanja zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Fikiria shule yenye mikondo miwili. Chukua mwanafunzi wa mwisho wa mkondo A, ambaye hata hivyo anamzidi karibu kila mtu wa mkondo B, umhamishie B. Wastani wa A unapanda, na wa B unapanda, na hakuna aliyejifunza hata herufi moja. Mwaka 1985 Alvan Feinstein wa Yale aliliita jambo hili katika saratani kwa jina la Will Rogers, mchekeshaji aliyedaiwa kusema kitu kama hicho kuhusu watu wa Oklahoma waliohamia California. PET hufanya hivyo. Humtoa mtu kwenye kundi la "saratani haijasambaa" na kumweka kwenye "imesambaa kidogo", na takwimu za makundi yote mawili zinang'aa.

Zinang'aa kwa waliopigwa picha. Asiyepigwa anabaki ameandikwa kwamba ugonjwa wake haujatoka kwenye tezi, kwa sababu hakuna aliyetazama. Anafanyiwa upasuaji wa tezi wakati mbegu ziko kwenye uti wa mgongo. Anakufa mapema kuliko wenzake wa hatua "hiyohiyo". Kisha mtafiti anakuja miaka 10 baadaye, analinganisha Mweusi na Mweupe wa hatua moja, anaona Mweusi amekufa haraka, na anaandika kwamba huenda saratani ya Weusi ni kali zaidi kwa asili. Pengo la mashine limeingia kwenye daftari likiwa limevaa koti la baiolojia, na likishaingia humo linakuwa hoja ya kutohangaika na mashine.

Ndani ya kisanduku cha "Mweusi" katika takwimu hizi wapo pia watu wanaosoma maandishi haya bila mkalimani. Wakongomani waliokuja kama wakimbizi na kuishi Kentucky au Texas, Wakenya na Watanzania walioko huko kwa kazi na masomo: fomu ya hospitali huwaandika sawa na mtu ambaye ukoo wake uko Alabama tangu enzi za utumwa. Historia zao za kiafya hazifanani, ila foleni ni moja, na kwao kuna hatua moja zaidi ya kuvujia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa muda mrefu hilo limesomwa kuwa ni pamoja na kumpa mkalimani. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyokazia huduma za lugha ilifutwa Machi 2025. Hata mkalimani akipatikana kwenye simu, ana kazi. Kwetu "ana tezi dume" husemwa kwa mzee anayeamka mara 4 usiku kukojoa na kwa mzee anayekufa, neno moja kwa uvimbe wa uzee na kwa saratani. Na mkalimani akiwa binti wa mgonjwa, kama inavyotokea, kuna maswali ya daktari ambayo baba hatayajibu, na pengine binti hatayatafsiri.

Huko New York, mwaka 2022 hospitali ya Mount Sinai ilizindua basi la kupimia tezi dume lenye jina la Robert F. Smith, bilionea Mweusi aliyelichangia dola milioni 3.8. Basi linakwenda kwenye mitaa ya Weusi, na mtu anapimwa PSA palepale bila kupoteza siku ya kazi. Ni wazo zuri na sina ubaya nalo. Ila kipimo cha damu ndicho sehemu ya safari iliyokuwa rahisi kupakiwa kwenye magurudumu. Mwanaume anapata jibu, namba inazidi 10, na kuanzia hapo ni rufaa, kibali cha bima, na miadi ya Jumanne saa 4.